Kuku wa Mama Hawakuwa na Kideri

Khole, niko Ntalikwa kwa wazazi. Siamini nilichosikia mezani sasa hivi.

Mwaka 1975, kwenye kijiji cha ujamaa, kuku wa mama waliugua. Baba, bwana mifugo, akasema ni kideri, maradhi yanayoambukiza, kuku wote wa majirani wachinjwe. Mama akaamini yeye ndiye aliyekileta, kwa kuku tembe aliyemtoa kijiji cha Choma. Alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Leo nimemuuliza mama kama shingo za kuku zilipinda, maana ndiyo dalili ya kideri.

"Hapana. Walikonda tu. Nilipowapasua, utumbo umejaa minyoo."

Nikamwambia hawakuwa na kideri. Baba akacheka. Khole, alicheka!

"Minyoo tu. Wageni wa wilaya walikuwa njiani. Tungewalisha mlenda?"

Mama akaweka tonge chini.

"Ulijua?"

"Mama Veneranda, si yamepita?"

"Ulijua, ukaniacha niombe radhi?"

Baba akaendelea kumega tonge.

Semeni alikuwa jirani yao, rafiki wa mama wa chanda na pete. Tangu kuku wake wachinjwe, hakumsemesha mama tena. Tulimzika mwaka jana.

"Nilimpigia magoti Semeni," mama akasema. "Nawe ulikuwa umesimama mlangoni, unanitazama."