Kanga Juu ya Mgonjwa wa Mpira

Chake Chake,
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu mpenzi, Bi Time,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta hapo Shumba ukiwa na nafuu, na hilo tumbo limepunguza kukusumbua. Mie mwanao sijambo, alhamdulillahi. Msalimie dada Mwatum, na paka wako mwizi pia. Simu nimeikwepa makusudi. Ungeisikia sauti yangu ukajua kila kitu kabla sijasema. Vaa miwani, usome taratibu.

Uliniuliza hawa wagonjwa wa mpira tunaofunzwa nao upasuaji wakoje. Wallahi wanatisha kwa kufanana na watu. Ngozi ukiibonyeza inarudi, kifua kinapanda na kushuka, ukikata panatoka maji mekundu, na ndani mna uvimbe wa kutoa kama huo wako. Nimeishi nao kama niko usingizini, hata njiani najikuta nashona hewa. Mwalimu wetu, Dokta Silima, yule mama wa Wete mwenye maneno makali, hutuambia kwa huyu tukosee tuwezavyo, hana wa kumlilia.

Basi siku ya mtihani nilimkuta kalazwa uchi, na wasimamizi wanaume wamemzunguka. Sikuweza kuvumilia, mama. Nilichukua kanga uliyonipa nikiondoka, nikamsitiri. Wakacheka, wakasema nimeusitiri mpira. Lakini kanga ilikuwa bado na harufu ya maua ya langilangi ya kabatini kwako, ikajaa chumba kizima. Nilipoinama na kisu, mpira sikuuona tena. Ulikuwa wewe umelala pale, unapumua polepole, unaningoja. Mkono ukagoma. Nilisimama tu mpaka wakaniambia nitoke.

Juzi nilirudia, kwa shuka ya hospitali isiyonukia kitu, nikafaulu. Dokta Silima alinisifu kwamba mkono wangu mwepesi, akanikumbatia. Nimeruhusiwa kupasua, mama! Nililia kwa furaha.

Sasa nisikilize. Najua umewaambia watu wote hukatwi na mkono mwengine ila wangu, na umekaa na maumivu ukingoja nimalize masomo. Sitaweza. Yeyote wa Pemba hii nitampasua, wewe siwezi. Nikikusimamia na kisu nitaduwaa, na wewe si mpira. Atakupasua Dokta Silima, nimemuomba naye kakubali. Nikasirikie ukitaka, lakini usiseme utangoja tena, nakuomba.

Njoo Jumatatu na dada Mwatum. Nitakaa kichwani pako nimekushika mkono mpaka usingizi ukuchukue. Dokta kaniruhusu nikufunike mwenyewe kwa kanga hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Nimeifua na kuifua, harufu yako haitoki.

Wasalimie jirani wote, na uniombee dua kama ninavyokuombea.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mgeni