Ruhusa ya Kumpinga Baba

Jumatatu, 4 Novemba
Nimekamua. Ng'ombe zimeenda majani. Nyangeta kapiga simu kutoka Uholanzi. Kitinda mimba wangu, anasomea mifugo chuoni huko. Butiama hii nani mwingine ana mtoto Ulaya? Wanajua, nimewaambia.
Sauti yake imekauka. Eti baridi tu. Mwongo.

Jumatano, 6 Novemba
Mama yake kamtoa ukweli. Darasani hasemi. Huko mwalimu anataka mwanafunzi abishe, na kubisha kuna maksi. Nyangeta anainamisha macho, anaitikia. Mwalimu kaandika hajui kitu. Ikiendelea hivi anafeli, ufadhili unakatwa, anarudishwa.
Hajui kitu! Huyu alizalisha ng'ombe, ndama kakaa vibaya, akiwa na miaka kumi na nne. Uji sijanywa kwa hasira.

Jumamosi, 9 Novemba
Mnadani Bunda. Wenzangu wameniuliza binti vipi. Nikasema anaongoza darasa. Nimedanganya.
Kuinamisha macho nilimfundisha mimi. Nilikuwaga namwambia mtoto akimjibu mkubwa anapata laana. Na fimbo nilitumiaga. Niliona najenga.

Jumapili, 10 Novemba
Nimempigia mimi. Nikamwambia, leo nibishie.
"Baba, siwezi."
Ni amri, nikasema. Nikaanza: maziwa mabichi hayana neno, nimekunywa miaka sabini. Akajibu polepole: "Baba, hapo unakosea." Akaeleza ugonjwa wa kutupa mimba, unavyotoka kwa ng'ombe kuja kwa mtu kwa maziwa hayo hayo. Nikapinga. Akapinga. Mama yake kacheka mpaka kakaa chini.
Kanishinda. Imeniuma. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 14 Novemba
Kila siku tunabishana. Leo anasema ng'ombe kumi zenye afya ni bora kuliko arobaini zangu zilizokonda. Zilizokonda! Nikakata simu.
Nikampigia tena.

Jumanne, 19 Novemba
Kasema! Kamwambia mwalimu, mbele ya watu wote, hapo sikubali, kwetu Mara ng'ombe haishi hivyo. Mwalimu hakukasirika. Kauliza zaidi. Kamwambia akienda hivi somo anapita.
Mtoto wangu mimi. Nimelia zizini. Ng'ombe tu ndio zimeona.

Jumapili, 24 Novemba
Hajapiga. Mama yake anasema yuko na wenzake, wanabishana juu ya kazi ya kikundi. Vizuri.
Nimekaa nje peke yangu. Nikasema kwa sauti, leo mvua inanyesha kabla ya saa kumi. Hakuna aliyenipinga.
Haikunyesha.