Mwano Usionyamaza

Katoro, 4 Mei 2026

Mama, shikamoo. Daktari Valerian kaniambia leo, hospitalini Geita, kwamba kinga yangu haijashuka, imezidi. Kuharisha damu tangu Januari si amiba, wala ule ugonjwa mnaounong'ona. Ni vidonda vya utumbo mpana. Askari wa mwili huitana kwa kemikali ziitwazo saitokini, kama mwano, yowe la kuita watu linalopigwa huko kwetu ng'ombe wakiibwa. Kwangu mwano haunyamazi. Askari wanakuja, hawaoni mwizi, wanaupiga utumbo wenyewe.

Ipo sindano ya kunyamazisha mwito mmojawapo. Nisipoipata, huenda utumbo ukakatwa. Basi ile mizizi yako ya kuongeza kinga mpe jirani. Daktari aliuliza kama nyumbani kwangu kuna aliyeugua TB. Nikasema hakuna. Ninyi hamjambo?

Mwanao, Vumilia

Nyasubi, 9 Mei 2026

Vumilia mwanangu, marahaba. Hatujambo, ila goti langu. Mizizi nimempa Mama Ngassa, anaisifia sana.

Mbona umemficha daktari? Mdogo wako Luka alikohoa humo chumbani kwako mwaka jana mpaka akaanzishiwa dawa za TB. Najua, unaogopa abiria wataikimbia bodaboda yake. Abiria hupatikana wengine, utumbo haupatikani. Rudi ukaseme. Na uulize hili: mwano ukinyamaza, mwizi aliyekwisha kufungwa atalindwa na nani?

Mama yako

Katoro, 1 Juni 2026

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinune kwa kimya changu, nililazwa.

Nilirudi nikasema. Daktari akajibu kwamba ndiyo sababu aliuliza: mwito huo huo unaochoma utumbo ndio unaofungia vijidudu vya TB. Kipimo kimeonyesha ninavyo, vimelala. Sindano ingeviamsha. Leo nimeanza vidonge vya kuvizuia, mwezi mzima kwanza. Damu imepungua kwa dawa za kutuliza, haijakata. Nitasubiri.

Luka alinifuata hospitalini. Akasema mbele ya foleni nzima, "Mkohozi ni mimi, na nimepona. Anayekwenda Katoro, pikipiki iko nje." Bibi mmoja akamwambia, "Maneno mengi, washa." Tulirudi mishikaki, watatu kwenye pikipiki moja, bibi katikati.

Sindano ya kwanza ni Jumatatu, 6 Julai, saa tatu asubuhi. Luka atanipeleka.

Mwanao, Vumilia