Wimbo wa Kisilu na Kompyuta Iliyougua

Nunguni, 5 Julai 2025

Mwanangu Ndinda,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi yetu. Mimi ni mzima, sijui wewe huko Ikutha na wanafunzi wako wa kompyuta.

Nakuandikia kwa simu maana kompyuta ya duka imeugua. Familia ya marehemu Mzee Kyule walileta flash niwachapie vijitabu vya mazishi, lakini kila nikibonyeza picha, hakuna kitu. Wamezika bila vijitabu. Soko zima linasema flash ikiingia kwa Kathini inatoka na homa.

Njoo uitibu, lakini wimbo wa baba yako usiuguse. Unajua kila asubuhi nikifungua duka ndio nasikiliza kwanza, Kisilu mwenyewe akihesabu imwe, ili, itatu, kisha kwaya inaingia. Tangu tumzike, ni hapo tu ninapomsikia.

Mamako

Ikutha, 8 Julai 2025

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, ni vumbi tu linatusumbua.

Hiyo Windows ya duka Baba aliiweka kwa CD ya sokoni isiyo na leseni. Haijawahi kupata marekebisho, na kila mteja anachomeka flash yake. Hiyo ni nyumba isiyo na komeo siku ya soko. Shule zikifungwa nitakuja niiondoe, nikuwekee Linux badala yake. Ni ya bure, imetengenezwa na watu wengi, yeyote anaweza kuikagua, na virusi vya hizo flash haviiwezi. Itabidi ujifunze upya kidogo.

Vitu vya Baba nitavinakili vyote kwanza. Nakumbuka akitufundisha do re mi pale dukani akigonga meza na rula, wewe unachapa kadi za harusi huku unaimba alto. Natamani zile jioni.

Binti yako

Nunguni, 30 Agosti 2025

Ndinda,

Salamu. Mimi niko tu.

Tangu uende, kompyuta haijaugua, hilo nakubali. Lakini kila saa inaniuliza neno la siri, kama askari wa geti asiyemjua mwenye boma. Picha za vijitabu zinaruka kurasa na wateja wananuna. Hayo ningevumilia.

Wimbo haufunguki! Eti haijui hicho ni kitu gani. Haijui, na baba yako amefundisha kwaya tatu hapa Nunguni! Afadhali ungeniachia homa yangu. Usinipigie simu, nitalia bure mbele ya watu.

Mamako

Ikutha, 2 Septemba 2025

Mwaitu,

Nisamehe. Nilinakili kila kitu, lakini sikujaribu kuufungua kabla ya kufuta Windows. Ile programu aliyorekodia Baba inakubali Windows pekee, na ndiyo tu inayojua alivyounganisha zile sauti. Imefungwa, walioitengeneza ndio wenye ufunguo, na hawaiuzi tena. Nimeijaribu kwenye kompyuta ya shule, inadai namba ya leseni ambayo Baba aliondoka nayo.

Roho inaniuma sana. Bado natafuta.

Ndinda wako

Ikutha, 19 Oktoba 2025

Mwaitu,

Natumaini u mzima. Hujajibu, nami sijapiga simu kama ulivyotaka.

Wimbo ulivyokuwa, sidhani tutaupata tena. Lakini ndani ya folda yake nimekuta vipande vibichi, yote aliyorekodi kabla ya kukata na kuunganisha. Vipande hivyo Linux inavicheza bila shida. Nilifungua kimoja, nikakifunga haraka. Nimeona ni vyako.

Mwalimu mwenzangu, Kitheka, anakuja huko kesho. Nimempa flash akuletee.

Binti yako

Nunguni, 24 Oktoba 2025

Mwanangu Ndinda,

Habari ya siku nyingi? Unakula vizuri? Huku mvua imeanza na nimeshapanda.

Flash nimepata. Nilifunga duka mchana kweupe, watu wakadhani nimefiwa tena. Nimesikia besi wakikosea na baba yako akiwagombeza. Nimemsikia akisogeza kiti, akikohoa. Halafu nikajisikia mimi mwenyewe naingia, namuuliza kama atakula. Akasema, "Wewe Kathini, si unaona tunarekodi? Basi kaa hapa, uimbe na sisi." Nikakaa. Hayo yote alikuwa ameyakata.

Nimelia, lakini si kwa hasira. Wimbo ninao kichwani wote, mwanangu, hakuna mashine ya kuufunga. Kile kikohozi chake ndicho nilichokuwa nimesahau.

Mamako akupendaye, Kathini