Mistari Arobaini Ikawa Mitatu

Shosti, uko? Nimeaibika mbele ya timu nzima!

Yule dada mgeni wa ofisini kachukua mistari arobaini ya programu yetu, ya kuchanganya biti, zile sifuri na moja za kompyuta, ile inayotoa namba zisizotabirika za mfumo wetu, kaifanya mitatu. MITATU! Nikasema moyoni, za mwizi arobaini, leo nimemkamata. Nikamuuliza hadharani, "Nani kakutuma?"

Akanijibu kwa upole tu, "Pima mwenyewe, dada."

Nikapima mara milioni. Majibu yale yale ya ile arobaini. Yale yale, shosti!

Ila kwenye mitatu yake kila kitu kiko wazi: zinaingia biti sitini na nne, zinabaki nane. Nyingine zote zinafutwa! Kumbe namba zetu ni mia mbili hamsini na sita tu, mtu angeweza kuzikisia tangu zamani, na ile mistari arobaini ilikuwa moshi tu.

Aliyeiandika ni bosi. Huyo huyo wa "msiiguse, inafanya kazi."

Na aliyeikagua akaipitisha? Nimelisoma jina mara tatu. Langu! Sikusoma hata mstari mmoja, nilijua bosi hakosei.

Ngoja. Bosi kaja mezani kwangu, kaona nilichofungua.

Ananiuliza, "Nani kakutuma?"