Kiko cha Babu Ndani ya Mashine

Kwa Bibi, mke wangu mkongwe,

Shikamoo. Nawe Zuhura unayemsomea, usiruke neno, na pale ninapokutaja usijifanye unakohoa.

Bibi, presha imeshuka? Magoti je? Jogoo wako bado anamkimbiza Ami? Mimi mzima, ila baridi ya Nairobi inauma masikio, nalala na soksi kama mzungu.

Mlionicheka kwamba darasa la saba lilinishinda, njooni mnione na koti jeupe. Naosha chupa katika maabara ya kupima maji, naam, lakini pia mimi ndiye ninayeilisha mashine. Hunyonya maji kidogo kidogo, ikayapuliza yawe ukungu, ukungu ukaingia motoni, na moto ukataja kilichomo kwa rangi yake. Si moto wa kuni wala mafuta. Ni wa gesi na umeme, huutazami ila kwa kioo cheusi.

Sasa nakuungamia jambo. Gesi hutoka mtungini kavu, kwa hivyo hupitishwa kwanza katika chupa ya maji ipate unyevu. Ikipita hulia koro-koro-koro, hunyamaza, kisha koro. Bibi, ni kiko cha maji cha Babu kilekile, hata alivyokuwa akikatiza avute pumzi. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa peke yangu humo, jua limejaa dirishani, na nywele za shingo zikanisimama. Nikayamwaga maji yote. Kimya. Sikumwambia mtu, na mashine ikaendelea kufanya kazi, maana maji ya bara hayana chumvi ya kutajika.

Ndipo ikaja chupa yako ya maji ya kisima. Takaungu nzima inajua usemavyo, kwamba kisima alichokichimba Babu kimeingia chumvi kwa sababu analia humo, hitima ya kumrehemu tuliichelewesha. Nami nilijigamba kwa Mutiso, Mkamba aliye mkubwa wangu, kuwa mashine itakunyamazisha.

Moto ukageuka manjano, ukatetemeka, ukafa. Mutiso akauwasha. Ukafa. Mara ya tatu akasogeza kiti chake nyuma.

"Salimu, umetuletea nani humu ndani ya chupa?"

Alikuwa akitania, lakini kiti hakukirudisha. Akakifungua kipulizio kinachogeuza maji kuwa ukungu, na mdomoni mwake palikuwa pameota ndevu nyeupe za chumvi. Ndevu, Bibi, zimechongoka kama za Babu mwenyewe. Akaitazama ile chupa ya kupitishia gesi.

"Maji ya hapa yamekwenda wapi?"

Nikasema kweli. Hakunicheka. Akanieleza kuwa gesi kavu huyakausha maji ya chumvi palepale mdomoni, chumvi ikaganda, njia ikaziba, moto ukafa. Gesi ikiwa na unyevu, chumvi haipati nafasi ya kukauka. Akanitaka niijaze chupa kwa mkono wangu mwenyewe. Koro-koro-koro. Nikashika meza. Moto ukasimama, wa manjano mpaka mwisho, haukufa.

Bibi, ni chumvi ya bahari. Bahari imepenya chini ya ardhi mpaka kisimani. Daktari wa Kilifi amekukataza chumvi, unakula mchuzi chapwa mwaka mzima, na presha haishuki kwa kuwa chumvi unainywa kwa kikombe. Najua uliapa hutakunywa maji mengine ila ya mkono wa mumeo. Tafadhali acha. Yafanye ya kuoshea miguu, na ya kunywa achote Zuhura bombani kwa Ami. Miguu anayo, mitaani hatulii. Ukikataa nakupa talaka, uende kwa yule muuza papa asiye na meno.

Nisalimie Mama, mwambie soksi zilifika. Nisalimie Ami, ambaye ni baba yangu tangu baba alipofariki, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Viboko vyake bado naviota. Hitima naomba isomwe Ijumaa.

Moja sikumwambia Mutiso. Maji yako yalipokwisha kupimwa, yeye alitoka, nami nikauzima moto na kufunga gesi kabisa. Nilisubiri mpaka povu la mwisho likapasuka. Nikasema shikamoo, kwa mzaha tu, kama nilivyokuwa nikimwamkia Babu mlangoni. Chupa ikalia koro, mara moja, kisha ikakohoa.

Basi usiyanywe, Bibi. Hata mwenyewe hataki.

Mumeo mdogo,
Salimu