Wema Unaokimbiza

Ilongero,
Singida.
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Fabiano,

Shikamoo. Pokea salamu za nyumbani kabla sijasema lolote. Habari za Sumbawanga, na baridi ya huko? Mimi mdogo wako ni mzima, na mama ni mzima ila magoti. Ninaandika barua kwa sababu simu zangu hupokei. Hii angalau huwezi kuikata, maana naituma shuleni unakofundisha.

Alizeti tumeshapura. Mtama haukufanya vizuri mwaka huu, lakini tutakula.

Baba ndiye hali yake si nzuri. Moyo umepanuka, na daktari wa mjini amemkataza kazi nzito na safari ndefu.

Alhamisi iliyopita jumuiya ilikuja kusali kwetu. Mwinjilisti wetu Editha, aliyejifunza Kiebrania chuoni, alitufundisha ule mstari wa mwisho wa Zaburi ya ishirini na tatu, kwamba wema na fadhili zitanifuata. Alisema fadhili kwa Kiebrania ni hesedi, wema wa mtu aliyejifunga kwa agano, asiyemwacha mwenzake hata akikosewa. Na huko kufuata si kutembea nyuma taratibu. Ni radafu, kukimbiza, kama Farao alivyowakimbiza Waisraeli na magari yake ya vita. Akatufungulia na Zaburi ya thelathini na nne, panaposema tutafute amani na kuifuatia, akasema neno ni hilohilo.

Sisi wengine tuliitikia amina tukangoja chai. Baba akamwomba arudie. Akarudia. Baba hakuigusa chai yake.

Kaka, siku alipokufukuza kwa sababu ya ndoa yako na mke wa dini nyingine nilikuwepo. Na desturi ya ukoo wetu unaijua: mtoto aliyefukuzwa ndiye hurudi na kondoo kuomba radhi, mzazi haendi. Kwa hiyo baba amekaa miaka yote akikungoja, na kila jioni anaomba wema ukufuate huko uliko. Nilikuwa namsikia, na nilikuwa namkasirikia.

Wageni walipoondoka alituita mimi na mama. Akasema, "Miaka yote nimemtuma Mungu amkimbilie mwanangu, na mimi nimekaa. Kondoo nitampeleka mwenyewe."

Baba mdogo Gerald amekuja kumzuia, anasema ni aibu kwa ukoo. Mama amemkumbusha maneno ya daktari. Hakuna aliyesikilizwa, ubishi wa baba unaujua, maana wewe ndiye uliyeurithi. Mimi nimelia, kaka. Naogopa njia isije ikamuua. Naogopa zaidi afike akute umehama tena.

Tutaondoka Jumatatu ya kwanza ya Julai, mimi nikiwa naye. Kondoo tutamnunua hukohuko, nimekataa katakata kupanda naye basi. Nyumbani kwako hatupajui. Tutakaa stendi mpaka uje.

Mama anakusalimu sana. Baba mdogo Gerald naye anakusalimu, ingawa amenuna. Mungu wa baba zetu akutunze wewe na nyumba yako yote.

Baba amekataa nifunge bahasha kabla sijaandika salamu yake, na amesimama hapa kuhakikisha. Anamsalimu mkwewe Zuhura.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,
Asnath